Shajara ya mradi: nyota zinazoonekana na maada ya giza katika galaksi sahani

Tororo, Uganda, Jumamosi, 14 Desemba 2024

Tumekutana leo kwa mara ya kwanza katika chumba cha nyuma cha duka la vipuri la Afande. Tuko wanne: mimi ninayefundisha fizikia katika shule ya sekondari, Afande mwenyewe, aliyestaafu jeshini baada ya miaka mingi ya kutengeneza mitambo ya redio, na vijana wawili, binti na mvulana, waliomaliza mitihani ya kidato cha sita mapema mwezi huu na sasa wanasubiri matokeo. Binti ni Mteso, mvulana ni Mjapadhola, Afande ametoka West Nile, nami nimelelewa Malaba; Kiswahili ndicho tunachokizungumza sote bila yeyote kujikwaa, na ndiyo sababu shajara hii inaandikwa kwa Kiswahili.

Swali letu ni moja. Katika galaksi sahani, yaani zile ambazo nyota zake nyingi zimetandazwa katika duara bapa linalozunguka kitovu, vitu vinavyoonekana vina uhusiano gani na uvutano ambao chanzo chake hakionekani? Nusu ya kwanza ya habari hii inajulikana na wengi. Mwaka 1970 Vera Rubin na Kent Ford walichapisha vipimo vya kasi katika galaksi ya Andromeda. Mwaka 1978 Albert Bosma alionyesha, kwa darubini za redio, kwamba gesi iliyo mbali sana na kitovu cha galaksi nyingi inazunguka kwa kasi ileile karibu na ile ya sehemu za ndani, ilhali nyota zimekwisha na kasi ilipaswa kushuka. Nusu ya pili husimuliwa mara chache, nayo ndiyo iliyonifanya nianzishe kazi hii: uvutano huo uliozidi haujakaa kiholela. Unafuata mpangilio wa nyota na gesi kwa ukaribu ambao, nilipouona mara ya kwanza kwenye grafu, nilidhani mchoraji amekosea.

Maneno yametuchukua zaidi ya saa nzima. Binti amekataa "maada nyeusi". Amesema, "Mwalimu, kitu cheusi huonekana. Mkaa ni mweusi na tunauona." Ana haki. Mawingu ya vumbi yaliyomo katika Njia Nyeupe huzuia mwanga wa nyota zilizo nyuma yake, nasi huyaona kama mabaka meusi. Maada tunayoizungumzia haitoi mwanga, haiuzuii wala haiuakisi. Mwanga hupita ndani yake kana kwamba haipo, na alama pekee inayotuachia ni uvutano. Tumebaki na "maada ya giza", kwa sharti kwamba kila tunapoliandika jina hilo tukumbuke kuwa kilichopimwa ni uvutano uliozidi, na kwamba jina ni maelezo yaliyokuja baadaye.

Data tutakazotumia ni za mkusanyo wa SPARC, uliotolewa mwaka 2016 na Federico Lelli, Stacy McGaugh na James Schombert. Una galaksi 175, kila moja na jedwali lake dogo la maandishi, na bando ya siku moja ilitosha kuupakua wote. Nyota zake zilipimwa kwa darubini ya anga ya Spitzer katika mwanga wa infraredi wenye urefu wa wimbi wa mikrometa 3.6. Uchaguzi huo ni wa maana. Mwanga wa bluu hutawaliwa na nyota changa chache, kubwa na zenye maisha mafupi, kama wauzaji wachache wenye vipaza sauti wanavyoweza kufunika sauti za soko zima. Tungamo kubwa la galaksi limo katika nyota kongwe, ndogo na nyingi, na hizo huonekana vizuri zaidi katika infraredi.

Jumanne, 17 Desemba

Tumeanza na sayari, kwa sababu vijana wanazijua. Zebaki inazunguka Jua kwa takriban kilomita 47 kwa sekunde, na Neptuni, iliyo mbali karibu mara 78 zaidi, kwa kilomita 5.4. Kipeuo cha pili cha 78 ni karibu 8.8, na 47 ukiigawanya kwa 8.8 unapata 5.3. Hivyo ndivyo kasi inavyopaswa kushuka pale ambapo karibu tungamo lote liko katikati.

Kisha tukachukua NGC 3198, galaksi iliyo umbali wa takriban miaka nuru milioni 45. Mwaka 1985 galaksi hii ilikuwa mfano mkuu katika utafiti wa kasi zisizoshuka, na bado ni mahali pazuri pa kuanzia. Katika umbali wa kiloparseki 30 kutoka kitovuni (kiloparseki moja ni kama miaka nuru 3,260) kasi yake ni takriban kilomita 150 kwa sekunde. Tumekokotoa kwa mkono, kwenye karatasi, ili kila mmoja aguse namba mwenyewe: mraba wa kasi mara umbali, ugawanye kwa kigezo cha uvutano cha Newton. Jibu ni tungamo la Jua mara bilioni 157. Upande wa pili tukahesabu kinachoonekana: nyota kama bilioni 19 za kipimo hicho, na gesi, tukiingiza heli pamoja na haidrojeni, kama bilioni 14.5. Jumla haifiki bilioni 34.

Mvulana akatazama namba hizo mbili, 157 na 34, kwa muda mrefu. Akauliza kama hatukusahau kitu. Nimefurahi kwamba aliuliza hivyo kabla ya kuuliza maada ya giza ni nini, kwa kuwa ndilo swali waliloanza nalo watafiti wenyewe, na walilitafutia majibu ya kawaida kwa miaka mingi: nyota hafifu, vumbi, gesi baridi, makosa ya vipimo.

Ijumaa, 20 Desemba

Siku ya Afande. Vijana hawakuelewa kasi ya gesi inapimwaje kwa umbali huo, nami nilikuwa naeleza kwa fomula. Afande akachukua redio kuukuu ya mezani, akaiweka katikati yetu, akaeleza kwamba atomu ya haidrojeni ina stesheni yake moja tu, katika megahezi 1,420 na kidogo, ambayo urefu wa wimbi lake ni sentimita 21, na haibadilishi stesheni hiyo popote ulimwenguni. Upande wa galaksi unaotujia unasikika juu kidogo ya stesheni. Upande unaotukimbia unasikika chini kidogo. Kwa kasi ya kilomita 150 kwa sekunde tofauti ni kama megahezi 0.7 kila upande.

"Megahezi nusu na zaidi," akasema. "Mwalimu, hiyo si ndogo. Sisi tulikuwa tunatafuta kosa dogo kuliko hilo usiku, kwa mkono, porini."

Tukaongeza masahihisho ya mwinamo, kwa sababu sahani tunayoiona ubavu hutupa kasi yote na ile tunayoiona usoni haitupi chochote. NGC 3198 imeinama takriban digrii 73, na masahihisho yake ni madogo.

Jumamosi, 28 Desemba

Mwezi mwandamo umekaribia, usiku una giza zuri. Tumetoka nje ya mji, mbali na taa na vumbi la saruji. Saa mbili usiku Andromeda ilikuwa juu upande wa kaskazini, doa la ukungu lenye umbo la yai, na saa tano Wingu Kubwa la Magellan lilikuwa limepanda chini ya anga ya kusini. Ni bahati ya kuishi karibu na ikweta kuviona vyote viwili usiku mmoja kwa macho matupu. Kilimia kilikuwa utosini. Hatukupima kitu. Lakini binti amesema kwamba sasa, akiona namba za Andromeda, anajua ziko upande gani wa nyumba yao.

Alhamisi, 2 Januari 2025

Kosa kubwa la kwanza, na ni langu.

Kila jedwali la SPARC lina safu za umbali, kasi iliyopimwa na makadirio ya kosa lake, kisha kasi tatu za kukokotoa: ile ambayo gesi peke yake ingeisababisha, ile ya sahani ya nyota, na ile ya nundu ya katikati kama ipo. Kasi hizi hazijumlishwi moja kwa moja. Miraba yake ndiyo hujumlishwa, kwa kuwa uvutano unakwenda na mraba wa kasi. Niliandika fomula hiyo katika lahajedwali, nikaburuta chini, na grafu zikatoka. Lakini katika galaksi mojawapo ndogo, karibu na kitovu, mstari wetu wa maada ya kawaida ulikaa juu ya kasi iliyopimwa, na hapakuwa na nafasi ya maada ya giza hata punje.

Tulitumia mchana wote. Umeme ulikatika mara mbili, na laptopu ilibaki na chaji ya nusu saa. Binti, ambaye alikuwa akisoma jedwali kwa sauti mstari kwa mstari, akafika kwenye safu ya gesi akasita: "Hasi mbili nukta tatu. Mwalimu, kasi hasi?"

Ndipo nilipokumbuka. Gesi ya galaksi nyingi ina pengo katikati: ni kidogo kitovuni na nyingi zaidi pembeni, mfano wa chapati iliyotobolewa. Ukisimama ndani ya pengo hilo, gesi iliyo nje yako hukuvuta kuelekea nje. Watunzi wa mkusanyo wamewakilisha mvuto huo wa kwenda nje kwa alama ya kutoa kwenye kasi, na mtumiaji anapaswa kuzidisha kasi kwa thamani yake isiyo na alama ili alama hiyo isipotee. Lahajedwali langu liliipiga namba hasi mraba, ikageuka kuwa chanya, na mvuto wa kwenda nje ukahesabiwa kama mvuto wa kwenda ndani.

Mvulana hakuridhika, na ninashukuru kwamba hakuridhika. Alijifunza shuleni, tena kwangu, kwamba ukiwa ndani ya ganda la mviringo uvutano wa ganda unajifuta kabisa. Kwa nini usijifute hapa? Tulichora. Katika ganda kamili, upande ulio karibu nawe ni mdogo lakini una nguvu, upande ulio mbali ni mkubwa lakini dhaifu, na hesabu inalingana barabara, kwa kuwa eneo linaongezeka kwa mraba wa umbali huku uvutano ukipungua kwa mraba huohuo. Katika pete bapa, upande wa mbali hauongezeki kwa mraba. Unaongezeka kwa urefu tu. Kwa hiyo walio mbali hawatoshi kuwashinda walio karibu, na unavutwa kuelekea ukingo ulio jirani nawe. Afande alituonyesha kwa misumari kumi na sita aliyoipanga mezani katika duara, akitaja nguvu ya kila mmoja kwa sauti huku mvulana akijumlisha, na jumla ikaelekea nje.

Nimeandika haya kwa urefu kwa sababu somo la maada ya giza linaanzia hapa. Uvutano uliozidi ni tofauti kati ya kinachopimwa na kinachokokotolewa. Kosa dogo katika ukokotoaji wa kinachoonekana huzaa maada ya giza isiyokuwapo, au huifuta iliyopo.

Jumanne, 7 Januari

Suala la nyota zina uzito gani. Spitzer ilipima mwanga, si tungamo. Jedwali linatoa kasi za nyota kana kwamba kila kipimo kimoja cha mwanga wa Jua kinabeba tungamo la Jua moja. Kwa mwanga wa mikrometa 3.6 thamani inayokubalika zaidi ni 0.5 kwa sahani na 0.7 kwa nundu. Mvulana alizidisha kasi yenyewe kwa 0.5 badala ya mraba wake, na nyota zikabaki na nusu ya uvutano unaostahili, tumesahihisha.

Hapa nina neno la tahadhari. Thamani hizi zinatokana na elimu ya jinsi nyota zinavyozaliwa na kuzeeka, na galaksi moja moja zinaweza kupotoka. Watafiti wa miaka ya 1980 walizoea kuzipandisha nyota uzito kadiri kasi iliyopimwa ilivyoruhusu, njia iliyoitwa ya sahani ya juu kabisa. Sisi tumeamua kutumia namba moja kwa galaksi zote bila kuzirekebisha moja baada ya nyingine, kwa kuwa ukiruhusu kila galaksi iwe na namba yake unaweza kutengeneza ulinganifu unaoutaka. Namba moja kwa wote ni kipimo kikali zaidi, na uhusiano ukijitokeza hata hivyo, basi haukupandwa na sisi.

Jumamosi, 11 Januari

NGC 1560. Ningependa kila mtu anayesema kwamba galaksi ni sahani hafifu ndani ya bahari ya maada ya giza aitazame hii kwanza. Ni galaksi ndogo, tunayoiona ubavu, na maada ya kawaida ndani yake ni ndogo sana kulinganisha na uvutano wote. Kwa hiyo mtu angetarajia kwamba kasi yake itafuata tu umbo la maada ya giza, laini kama mgongo wa kilima, na kwamba kilichotokea kwenye gesi hakitaonekana.

Karibu na kiloparseki 5 gesi yake ina bonde. Palepale, kasi iliyopimwa nayo ina bonde.

Tuliweka karatasi mbili juu ya dirisha, moja ya mchango wa gesi na moja ya kasi iliyopimwa, tukazisogeza hadi mizani ya umbali ikalingana, na jua la saa kumi likazipenya zote mbili. Bonde juu ya bonde. Mtafiti Renzo Sancisi aliliweka jambo hili katika kanuni mwaka 2004: kila alama katika mgawanyo wa mwanga ina alama yake katika kasi, na kinyume chake pia. Katika galaksi angavu hilo halishangazi, maana nyota ndizo zinazotawala. Katika galaksi kama NGC 1560 linashangaza, kwa sababu kinachoonekana ni sehemu ndogo ya uvutano na bado ndicho kinachoamua umbo la kasi. Nasema wazi kwamba bonde moja katika galaksi moja halitoshi kujenga hoja. Gesi yenyewe haikukaa sawasawa pande zote mbili za galaksi hiyo.

Jumapili, 19 Januari

Leo tumeweka zote pamoja.

Tumefuata vigezo vya watunzi katika makala yao ya mwaka 2016. Tumeondoa galaksi zilizoinama chini ya digrii 30, ambazo masahihisho yake ni makubwa mno, na zile ambazo mzunguko wake umevurugika, zinabaki 153. Ndani ya hizo tumeacha vipimo vya kasi ambavyo kosa lake linafika asilimia 10 au zaidi. Makala ina nukta 2,693. Kwa kila nukta tunakokotoa michapuko miwili (mchapuko ni kiasi ambacho uvutano hubadilisha mwendo kila sekunde). Wa kwanza ni ule uliopimwa, mraba wa kasi ukigawanywa kwa umbali. Wa pili ni ule ambao nyota na gesi peke yake zingeusababisha. Wa kwanza kwenye mhimili wa wima, wa pili kwenye ulalo, yote kwa logi.

Laptopu ilichukua muda kuchora, nukta zikijaza skrini kidogo kidogo. Hakuna aliyezungumza. Nukta za galaksi kubwa zenye nundu zilitua juu kulia, palepale kwenye mstari wa usawa, yaani ule ambao michapuko miwili inalingana, ambapo kinachoonekana kinatosha kueleza kila kitu. Nukta za galaksi ndogo za gesi zilitua chini kushoto, zikiwa zimeinuka kutoka kwenye mstari huo, ambapo uvutano umezidi mara kumi na zaidi. Na katikati, galaksi za kila ukubwa zilijipanga katika mkanda mmoja mwembamba uliopinda taratibu. Mtawanyiko ulioripotiwa ni 0.13 kwa logi, yaani kama theluthi moja juu au chini, na sehemu kubwa ya huo inaelezwa na makosa ya vipimo vya umbali, mwinamo na mwanga.

Mkanda unaanza kupinda karibu na mchapuko wa 1.2 × 10⁻¹⁰ mita kwa sekunde kwa sekunde. Nilitaka vijana wauhisi udogo huo. Kitu kilichosimama, kikisukumwa kwa mchapuko huo bila kukoma, kingehitaji zaidi ya miaka 260 kufikia mita moja kwa sekunde, mwendo wa mtu anayetembea polepole. Uvutano wa dunia ulio chini ya miguu yetu ni mkubwa mara bilioni 80 hivi.

Jambo ambalo sikulielewa vizuri mpaka leo ni hili: kinachoamua kama galaksi itaonyesha uvutano uliozidi si umbali kutoka kitovuni. Vitabu vingi husema maada ya giza inatawala "pembeni", na katika galaksi kama NGC 3198 ni kweli. Lakini galaksi ambazo nyota zake zimetawanyika kwa uchache huonyesha upungufu tangu karibu na kitovu chenyewe. NGC 2403 na UGC 128 zina mwanga na kasi ya mwisho (ile ya pembeni, isiyobadilika tena) vinavyokaribiana, ila nyota za UGC 128 zimetandazwa katika eneo kubwa zaidi. Kasi ya NGC 2403 hupanda haraka, ya UGC 128 hupanda polepole, na kila moja inakaa mahali pake katika mkanda uleule. Ukijua mvuto wa kinachoonekana mahali fulani, unajua uvutano wote wa mahali hapo. Galaksi imepata historia gani, imegongana na nani, imepoteza gesi kiasi gani, hayo yote hayaonekani kuacha alama kubwa kwenye mkanda, nami nalitafakari hili hadi sasa, saa nne usiku.

Jumamosi, 25 Januari

Kazi fupi. Ukifuata mkanda hadi sehemu ya chini kabisa, hesabu inakupeleka kwenye sheria rahisi: tungamo lote linaloonekana linakwenda na kasi ya mwisho ikipigwa kipeo cha nne. Brent Tully na Richard Fisher walikuta uhusiano wa mwanga na kasi mwaka 1977. Gesi ilipojumlishwa na nyota baadaye, mstari ulinyooka hata kwa galaksi ndogo kabisa.

Tumejaribu kwa galaksi mbili. Kwa NGC 3198, kasi 150, sheria inatoa tungamo la Jua mara bilioni 32; tulihesabu bilioni 33 na kitu. Kwa DDO 154, kasi 47, inatoa milioni 300. Kinachohesabika kinakaribia milioni 400, na gesi yake ni zaidi ya mara kumi ya nyota zake. Binti ameona lililo muhimu kabla yangu: tungehesabu nyota peke yake, DDO 154 ingekosa sheria kwa mara kumi. Uvutano unatambua gesi na nyota sawasawa, haujali kipi kinang'aa.

Ijumaa, 31 Januari

Mkutano wa mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Tumejadili maana.

Maelezo ya wengi ni kwamba kila galaksi imezaliwa ndani ya wingu kubwa la mviringo la maada ya giza. Gesi ilipoa, ikazama katikati, ikawa nyota. Milipuko ya nyota ikasukuma gesi nje na kuupanga upya mgawanyo wa vyote viwili, na uhusiano tunaouona ni matokeo ya kuzoeana huko kwa muda mrefu. Maigizo ya kompyuta yanatoa mkanda unaofanana. Maelezo ya pili yalitolewa na Mordehai Milgrom mwaka 1983, kwamba sheria ya mwendo au ya uvutano yenyewe inabadilika chini ya mchapuko ule mdogo. Alitabiri mkanda na kipeo cha nne miaka mingi kabla ya data hizi. Lakini ukienda kwenye makundi ya galaksi bado tungamo linapungua hata kwa sheria yake, na mionzi iliyobaki kutoka ulimwengu mchanga inaelezwa vizuri na maada ya giza ambayo ni karibu mara tano ya maada ya kawaida.

Afande ameshikilia maada ya giza. Amesema mtambo ukitoa sauti isiyoelezeka unatafuta kwanza waya usioonekana kabla ya kubadilisha sheria za umeme. Mvulana ameshikilia Milgrom, kwa sababu aliyetabiri kabla anastahili kusikilizwa. Mimi naona kwamba maelezo yoyote, la kwanza, la pili au lingine, yanadaiwa mkanda huu, na kwamba kusema "maada ya giza ipo" bila kueleza kwa nini inafuata nyota na gesi kwa ukaribu hivi ni kuacha deni kubwa bila kulipwa.

Kisha tukafanya jaribio ambalo binti alilipendekeza wiki iliyopita. Alichagua NGC 6503, galaksi iliyo upande wa kundinyota la Joka, ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuichora, akaifunika safu ya kasi iliyopimwa kwa kipande cha boksi. Tulibaki na mwanga na gesi tu: nyota kama bilioni 6.4 na gesi kama bilioni 2.3 za tungamo la Jua. Kigezo cha 1.2 × 10⁻¹⁰ kilipatikana kwa galaksi zote, hii ikiwamo, lakini moja kati ya 153 haiwezi kukisogeza kwa kiasi cha kuonekana. Mvulana akakokotoa kwa mkono, akiufuata mkanda uleule, kasi ya kiloparseki 20, akikadiria kila kitu kimekusanyika katikati, akaandika ubaoni: 113.

Binti akaondoa boksi, akafuata mstari kwa kidole mpaka kiloparseki 20, akasoma. Ni kama 115.